Kujiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha jazi na pop nchini Ujerumani

Vyuo vikuu vya muziki vya serikali nchini Ujerumani, vinavyoitwa Musikhochschule, viko 24, na vingi kati yake vina idara ya jazi, au ya jazi na pop kwa pamoja: Köln, Berlin, Hamburg, Hannover, Essen, Dresden, Leipzig, Weimar, Nürnberg, Stuttgart, Mannheim. Mannheim ina pia Popakademie, iliyofunguliwa mwaka 2003, ambayo uzito wake uko kwenye pop na biashara ya muziki. Kote huko mlango ni mmoja: unapiga mbele ya jopo, unafanya mtihani wa sikio na nadharia, kisha unasubiri barua. Vyeti vya sekondari vinatakiwa, lakini peke yake havikuingizi.

Nafasi ni chache mno. Ala moja inaweza kuwa na nafasi moja, mbili au tatu tu kwa mwaka, na waombaji ni wengi mara nyingi zaidi ya hapo. Wengi hudhani kinachowaangusha watu ni vidole visivyo na kasi. Sivyo. Watu huanguka kwenye mapigo, kwenye sikio na kwenye karatasi ya noti, na mpiga gitaa hodari wa bendi ya ukumbini anaweza kutolewa na kijana anayepiga nusu ya vitu vyake lakini anasikia kila kordi inapobadilika. Panga mazoezi yako kwa kuangalia hapo.

Mtihani una nini

Kwanza ni ala kuu, dakika 10 hadi 20. Unapiga nyimbo mbili hadi nne za mitindo tofauti, ama na wasindikizaji wa chuo (piano, besi, dramu) ama na wenzako uliowaleta. Baada ya hapo jopo linaweza kukupa karatasi usiyoijua uisome papo hapo, kukutajia kordi chache ubuni juu yake, au kukupigia kifungu cha melodia ukirudishe kwa ala yako.

Pili ni mtihani wa maandishi wa nadharia na sikio. Katika baadhi ya vyuo sehemu hii ina alama ya chini kabisa ambayo ukiikosa umetoka, hata kama jopo lilikupigia makofi. Tatu ni piano, ambayo ni ya lazima karibu kwa kila mtu, awe mwimbaji, mpiga dramu au mpiga tarumbeta. Nne ni mazungumzo mafupi. Vyuo vingi hutanguliza mchujo wa video kabla ya kukuita.

Masomo huanza Oktoba. Mitihani mingi huangukia kati ya Mei na Julai, na maombi hufungwa Machi au Aprili. Kwa hiyo maandalizi ya mwaka mzima huanza Mei ya mwaka uliotangulia, si Januari. Soma masharti ya kila chuo neno kwa neno, maana yanatofautiana: kimoja kinadai wimbo wa blues, kingine kinadai utunzi wako mwenyewe, kingine solo uliyoinakili kwa sikio kutoka kwenye rekodi. Omba vyuo vitatu hadi vitano, kisha utengeneze orodha moja ya nyimbo inayotosheleza vyote.

Kabla ya kutuma maombi, mwandikie mwalimu wa ala yako katika chuo unachokitaka uombe somo moja la majaribio, hata kwa njia ya video. Kule ni desturi ya kawaida, wala haionekani kuwa ni kujipendekeza. Barua iwe ya aya moja na kiungo kimoja cha video ya dakika tatu. Atakuambia kwa uwazi kama kiwango chako kinakaribia, na hilo peke yake linaweza kukuokolea nauli ya ndege.

Kuchagua nyimbo

Msingi salama ni nyimbo tatu: swingi (mdundo wa msingi wa jazi) ya mwendo wa kati, wimbo wa polepole, na wimbo usio wa swingi, kama bossa (mtindo wa Brazil) au fanki. Ongeza blues ya ba 12 (ba ni fungu la mapigo, kwa kawaida manne) katika ufunguo wa F au B flati hata kama haijatajwa kwenye masharti, kwa sababu jopo likitaka kukujaribu kwa ghafla, blues ndiyo ya kwanza kuitwa. Kwa anayeanza kabisa, «Autumn Leaves» (ba 32) inakufundisha mwendo wa II–V–I (kordi ya pili, ya tano, kisha ya kwanza ya ufunguo) katika meja na maina ndugu (maina yenye noti zilezile za meja hiyo), na «Blue Bossa» (ba 16) inakufundisha kutoka C maina kwenda D flati meja na kurudi. Zote mbili zinasikika kila siku kwenye vyumba vya mitihani. Hilo si kosa. Ila ukizipiga, jopo lina vya kukulinganisha navyo.

Wimbo rahisi uliokaa mwilini unashinda wimbo mgumu unaoushikilia kwa woga. Kipimo chake ni hiki: ongeza mwendo kwa mapigo 10 kwa dakika, kisha punguza kwa 20. Ukiweza kubuni solo kote kuwili bila kupotea kwenye umbo la wimbo, uko tayari. Watu husahau upande wa kupunguza, wakati ndio unaoonyesha kama unasikia kordi au vidole tu vinakumbuka njia.

Piga hesabu ya dakika. Wimbo wa ba 32 wenye mapigo manne kwa ba una mapigo 128. Kwa mwendo wa 140, duru moja, yaani umbo zima la wimbo mara moja, huchukua sekunde 55. Melodia, duru mbili za solo, na melodia tena ni duru nne: dakika 3 na sekunde 40. Wimbo wa polepole kwa mwendo wa 60 unakula dakika 2 na sekunde 8 kwa kila duru. Kwa hiyo piga melodia yote, solo kwenye nusu ya kwanza tu, kisha rudi na melodia kwenye nusu ya pili. Hapo umetumia dakika 4 na robo. Blues kwa mwendo wa 160 ni sekunde 18 kwa duru. Melodia mara mbili, solo duru nne, melodia mara mbili, haifiki dakika mbili na nusu. Jumla ni kama dakika 10 na nusu, na ndani ya nafasi ya dakika 15 inabaki ya kusoma noti na kuzungumza. Anayepiga solo ya duru sita kwenye wimbo wa kwanza hukatishwa, na wimbo wake bora unabaki kwenye mkoba.

Je, rumba, benga au taarabu vina nafasi? Vinayo, kwenye sehemu ya utunzi wako na zaidi kwenye idara za pop, ambako jopo linatafuta mtu mwenye sauti yake. Ila visichukue nafasi ya swingi. Mpiga gitaa aliyekulia kwenye sebene ana mkono wa kulia imara na anajua kuendesha kifungu kimoja dakika tano bila kuchosha. Kasoro yake ni kwamba amezoea kordi tatu zinazozunguka ndani ya ufunguo mmoja. Kwenye jazi ufunguo unaweza kuhama kila baada ya ba mbili au nne, na solo inayokaa kwenye skeli moja husikika mara moja kuwa haisikilizi.

Mapigo

Metronomu, kifaa kinacholia kwa mwendo uliouweka, isikufanyie kazi yote. Kwa wimbo wa mwendo wa 120, iweke 60, na kila mlio uuhesabu kama pigo la 2 na la 4. Siku za mwanzo utageuka bila kujijua na kuisikia kwenye 1 na 3. Simama, hesabu kwa sauti, uingie upya. Ukishazoea, nenda hatua ya pili: kwa wimbo wa 160, iweke 40, mlio mmoja tu kwa kila ba, uusikie kama pigo la 4. Hapo ndipo ukweli hutoka. Ukikimbia, utaufikia mlio kabla haujalia, ukiburuta, utakupita.

Wimbo wa polepole ndio unaofichua zaidi. Karibu kila mtu huuharakisha akianza solo, kwa sababu anaogopa ukimya kati ya noti. Jirekodi bila metronomu, pima mwendo wa ba nne za kwanza na ba nne za mwisho. Tofauti ikizidi mapigo manne kwa dakika, wimbo huo haujaiva.

Na swingi haijifunzwi kwa maelezo. Chagua rekodi moja, jifunze solo ya ba 32 kwa sikio: iimbe kwanza mpaka uweze kuiimba pamoja na rekodi bila kukosea, ndipo ushike ala. Programu nyingi za simu hupunguza mwendo bila kushusha kimo cha noti. Asilimia 70 inatosha kuanzia. Kuandika noti ni hatua ya mwisho. Anayeanza na karatasi aliyoipata kwenye intaneti anapata noti sahihi zenye lafudhi ya mgeni.

Sikio

Hapa waombaji wengi kutoka Afrika Mashariki wana mtaji wasioutumia. Aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa inayosoma solfa tayari anasikia kila noti kwa uhusiano wake na do, na hicho ndicho mtihani unachokipima. Anachokosa ni mistari mitano. Chukua karatasi ya solfa ya kwaya, andika ba nne kila siku kwenye mistari mitano, leo kwa do ikiwa C, kesho F, keshokutwa B flati. Koloni hutenga mapigo, nukta hukata pigo katikati, kistari huendeleza sauti. Vyote vina alama zake upande wa pili, na baada ya miezi miwili mkono huenda wenyewe.

Kisha ingiza jazi kwenye solfa hiyohiyo. II–V–I ni: re fa la do, so ti re fa, do mi so ti. Iimbe kila asubuhi. Halafu imba sauti mbili zinazobeba rangi ya kordi tu: fa na do, kisha fa na ti, kisha mi na ti. Angalia kinachotokea: do inashuka kwenda ti huku fa imetulia, halafu fa inashuka kwenda mi huku ti imetulia. Mwenye kusikia kushuka huko mara mbili hawezi kupotea ndani ya wimbo, na solo inayogusa noti hizo kwa wakati wake inasikika ya jazi hata ikiwa na noti chache.

Kordi za noti nne pia zimo mle mle. Do mi so ti ni meja saba. Re fa la do ni maina saba. So ti re fa ni dominanti. Ti re fa la ni maina saba yenye tano iliyoshushwa. Inabaki ile iliyopunguzwa kabisa, iliyojengwa kwa hatua ndogo za tatu tupu. Ijifunze peke yake, maana haina nyumba.

Kwa kordi za noti tatu zilizogeuzwa, usibahatishe. Imba sauti ya chini, ya kati, ya juu, utafute umbali wa nne (kama kutoka so kwenda do ya juu). Ukiwa chini, mgeuzo ni wa pili. Ukiwa juu, mgeuzo ni wa kwanza. Usipokuwepo, kordi imekaa kwenye mzizi wake. Na noti ya juu ya umbali huo wa nne ndiyo mzizi wenyewe. Kanuni hii inafanya kazi kwa kordi zote za meja na maina za noti tatu.

Imla ya mdundo, yaani kuandika mdundo unaoupigiwa, hupigwa mara chache tu, kwa hiyo kuwa na utaratibu. Kabla ya kusikia, chora ba zote na vistari vinne vya mapigo ndani ya kila moja. Mara ya kwanza usiandike chochote. Piga mguu, tambua ni wapi noti inatangulia pigo. Mara ya pili weka alama juu ya mapigo yaliyopigwa. Mara ya tatu jaza nusu na robo za pigo. Iliyobaki ni ya kusahihisha. Kosa kubwa ni kulisikia pigo la kwanza mahali pasipo, na dawa yake ni kuikamata hesabu ya mtahini kabla mfano haujaanza na kuendelea nayo kwa mguu, hata mdundo ukikuvuta. Kwenye imla ya melodia, andika noti ya mwanzo, noti ya mwisho na ya juu kabisa kwanza. Katikati hujazwa kwa hatua.

Jambo moja limewapotezea watu alama za bure. Kijerumani huita H ile noti ambayo wewe unaiita B, na B kwao ni B flati yako. Shapu huongezewa «is»: Fis, Cis. Flati huongezewa «es», isipokuwa E flati ni Es na A flati ni As. Meja ni Dur, maina ni Moll. Umbali kati ya noti huitwa Prime, Sekunde, Terz, Quarte, Quinte, Sexte, Septime, Oktave, na husifiwa kwa klein (ndogo), groß (kubwa) au rein (kamili). Idara za jazi huandika kordi kwa herufi za kimataifa mara nyingi, lakini karatasi ya nadharia inaweza kutumia H. Jizoeze zote mbili.

Kusoma noti na piano

Kusoma papo hapo hujengwa kwa dakika 10 za kila siku na karatasi mpya kila mara. Ukiurudia ukurasa, unaukariri, huusomi tena. Kwenye mtihani utapewa nusu dakika hivi ya kutazama: angalia ufunguo, idadi ya mapigo, alama za kurudia na kuruka, kisha tafuta ba ngumu kuliko zote uiimbe moyoni. Ukianza, usisimame. Ukikosea ba nzima, ingia inayofuata kwa wakati. Jopo husamehe noti. Haliwezi kumsamehe mtu aliyesimama, kwa sababu kwenye bendi angewaangusha wenzake wote.

Kwa piano, asiye mpiga piano anahitaji vitu viwili: kipande kimoja au viwili vilivyoandikwa, na uwezo wa kusindikiza. Anza hivi katika ufunguo wa C: mkono wa kushoto D, wa kulia F na C juu yake, kushoto G, kulia F na B, kushoto C, kulia E na B. Ni sauti zilezile ulizoimba. Kisha hamia funguo zote 12, ufunguo mmoja kila baada ya siku mbili au tatu. Kibodi ya vibonye 61 inatosha kwa kazi hii. Vile vipande vilivyoandikwa viishie kwenye piano halisi japo wiki kadhaa kabla ya safari, kwa sababu uzito wa vibonye ni mwingine kabisa. Mahali pa kutafuta ni makanisa, hoteli na shule za muziki, kama Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi au Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar.

Mwenye saa tatu kwa siku azigawe hivi: dakika 40 sauti na ufundi wa ala, dakika 60 nyimbo, dakika 40 sikio, dakika 30 piano, dakika 10 kusoma. Mkono ukichoka, sikio linaweza kufanyiwa kazi ndani ya daladala.

Kila ala na mtego wake

Waimbaji huangushwa na ufunguo. Karatasi nyingi za nyimbo za jazi zimeandikwa kwa kufuata wapiga ala, na ukiziimba kama zilivyo melodia inakwama chini au juu ya sauti yako. Tafuta ufunguo wako, andika karatasi upya katika ufunguo huo, kordi zote zikiwa zimehamishwa. Kumwambia mpiga piano «shusha kidogo» chumbani humo ni kuanza vibaya. Jifunze pia kubuni kwa silabi walau duru moja, na jifunze maikrofoni: umbali wa vidole vitatu hadi vinne kwa sauti ndogo, kiganja kizima ukipaza.

Wapiga dramu watatakiwa kupiga swingi kwenye sinia la rai (ride), brashi kwenye wimbo wa polepole, bossa, na fanki au roki iliyotulia. Mara nyingi wataitwa kubadilishana ba nne nne na mpiga ala mwingine: anapiga nne, unajibu nne. Hesabu umbo la wimbo ndani ya kichwa hata unapojibu. Brashi ndizo zinazosahaulika, kwa sababu kwenye bendi nyingi za nyumbani hazitumiki kabisa.

Mpiga besi apige besi inayotembea kwa noti moja kila pigo, mzizi wa kordi ukianguka kwenye pigo la kwanza, na pigo la nne likiongoza kwenye kordi inayofuata. Mpiga piano akiwa na besi aache mizizi, apige noti ya tatu na ya saba za kordi, na rangi juu yake. Mkono wa kushoto mzito unamgonga mpiga besi. Mpiga gitaa hivyo hivyo: noti tatu au nne, si kordi ya nyuzi sita. Wapiga saksafoni na tarumbeta wawe na karatasi mbili za kila wimbo, moja ya ufunguo wa ala yao na nyingine ya wasindikizaji.

Anayeomba pop ajue kwamba pale wimbo wenyewe unahukumiwa pamoja na mwimbaji. Utunzi wako uwe na mstari wa kiitikio unaoweza kuimbwa na mtu aliyeusikia mara moja. Kuimba kwa Kiswahili hakuna ubaya wowote. Weka tafsiri ya mistari michache juu ya karatasi. Ukitumia sauti za kompyuta, hakikisha unaweza kuupiga wimbo huo pia kwa gitaa au piano tupu, maana jopo hupenda kuuliza.

Video ya mchujo

Rekodi kila wimbo kwa mkupuo mmoja bila kukata. Simu ilale kwa upana, uso na mikono vionekane muda wote. Iweke mita mbili hadi tatu kutoka kwenye ala. Karibu zaidi ya hapo, dramu na tarumbeta hupasua sauti, na hakuna programu inayoirekebisha baadaye. Chumba chenye mapazia, kapeti au godoro lililosimamishwa ukutani kinapunguza mwangwi. Zima feni na jenereta, na uchague saa ambayo mtaa umetulia.

Usipopata bendi inayopiga swingi, tumia programu ya kusindikiza kama iReal Pro, lakini itoke kwenye spika chumbani pamoja nawe, wala isikufunike. Wasindikizaji halisi wawili wa kiwango cha wastani ni bora kuliko programu, kwa sababu jopo linataka kuona unavyomsikiliza mwenzako. Ukipakia YouTube, chagua hali ya kutoorodheshwa. Ile ya faragha haifunguki kwa mtu mwingine, na hakuna atakayekupigia simu kukueleza. Jaribu kiungo kwenye simu ya jirani kabla ya kutuma.

Ndani ya chumba

Beba nakala tatu za kila karatasi, na ya nne yako. Wimbo mmoja ukae kwenye ukurasa mmoja, au miwili iliyogundishwa pembeni kwa selotepu. Zilizobanwa kwa pini hulazimisha mtu kugeuza akiwa katikati ya ba. Juu ya karatasi andika mtindo, mwendo kwa namba, umbo, utangulizi ni ba ngapi na kutoka sehemu gani, na mwisho unavyoishia. Ba nne kwa mstari, umbo likionekana kwa jicho. Wasindikizaji wa chuo ni wazoefu, lakini hawasomi mawazo.

Una kama nusu dakika ya kuzungumza nao. Waambie mtindo, utangulizi, mpango wa solo, mwisho. Kisha tafuta mwendo: imba moyoni ile ba ya melodia yenye noti nyingi kuliko zote, si ya kwanza. Mwendo unaoifaa hiyo ndio mwendo wa wimbo. Hesabu ba mbili, ya kwanza kwa «moja» na «mbili» tu, ya pili mapigo yote manne. Kwa Kiingereza au Kijerumani ni sawa. Anayehesabu kwa kasi ya moyo wake siku hiyo huanza juu kwa mapigo 20 au zaidi, na wimbo wote unakuwa mbio za kujiokoa.

Wakikukatisha, usitafsiri. Jopo lina watu wengi siku hiyo, na mara nyingi limeshasikia lilichotaka. Wakikuomba urudie wimbo kwa mwendo mwingine au bila besi, wanapima kama solo yako ni ya kubuni au umeikariri, kwa hiyo piga kitu kingine. Kwenye mazungumzo utaulizwa unawasikiliza nani. Taja watatu, na kwa kila mmoja rekodi moja unayoijua kiasi cha kuimba kipande chake, kwa sababu unaweza kuombwa uimbe.

Fedha, lugha na viza

Vyuo vya serikali katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ila mchango wa muhula. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye Stuttgart na Mannheim, huwatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na vyuo vingine vinaweza kuwa na ada zake. Angalia ukurasa wa kila kimoja. Vyuo vingi hutoza pia ada ya kufanya mtihani wenyewe. Kijerumani hutakiwa kwa ngazi ya B1 au B2 kutegemea chuo. Vingine hukupa muda wa kuleta cheti baadaye. Kwa viza ya masomo utaonyesha fedha za mwaka, kwa kawaida kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, ambayo tangu Septemba 2024 inatakiwa kuwa na euro 11,904.

Mwaliko wa mtihani unaweza kufika wiki chache tu kabla ya siku yenyewe, wakati miadi ya ubalozi Nairobi au Dar es Salaam haipatikani kwa wiki hizo. Mara tu maombi yako yakipokelewa, andikia ofisi ya udahili, eleza unakotoka, uombe barua ya mwaliko mapema. Wanalijua tatizo hili. Chagua pia aina ya viza kwa makini. Viza ya Schengen ya muda mfupi inatosha kwa kufanya mtihani, lakini ukifaulu huwezi kuigeuza kuwa kibali cha mwanafunzi ukiwa humo nchini. Lazima urudi nyumbani uombe upya. Viza ya mwombaji wa masomo haikulazimishi kurudi.

Barua ya matokeo inaweza kusema umefaulu lakini hakuna nafasi. Ni jibu la kawaida kwa ala zenye waombaji wengi, kama gitaa na uimbaji. Uliza kama kuna orodha ya kusubiri na inaisha lini, kwa kuwa mtu aliyekubaliwa vyuo viwili huachia kimoja hadi Septemba, na mwandikie mwalimu wa ala kumuuliza alikosa nini kwako. Wengine hujibu kwa mistari miwili tu, lakini mistari hiyo ndiyo ya kupangia mazoezi ya mwaka unaofuata.